Kupe Bila Ng'ombe

Asubuhi ya siku ya kumi na saba, mlango ulikikataa tena choo cha mwanangu.

Nilikuwa nimekipaka kwenye kadi kama kila siku, kidogo tu, kiasi cha punje ya ulezi, nikaisukuma kadi kwenye mdomo wa chuma ulio kando ya kitasa. Mlango ukanguruma tumboni. Nikahesabu pumzi zangu. Zilipofika ishirini na mbili taa nyekundu ikawaka, na ile sauti ya kike isiyo na mwenyewe ikasema, "Lusajo, miezi kumi na moja. Kushoto. Asante kwa uvumilivu wako."

"Umeambiwa asante, wewe," Mama Bupe akasema nyuma yangu, kadi yake ameishika kwa ncha za vidole. "Mwitikie basi. Mtoto gani huyu hana adabu?"

Lusajo alimchekea kutoka mgongoni kwangu. Ana meno manne, na anayatoa yote kwa Mama Bupe kila asubuhi, hata akitukanwa.

Mimi nami nikapaka kadi yangu. Kushoto. Mama Bupe, kushoto. Akafuata Anyosisye, dereva wa lori la maziwa, kijana mrefu ambaye tangu tufungiwe humu hajawahi kulifungua begi lake. Kila asubuhi hulibeba mpaka mlangoni likiwa limefungwa zipu, na kila asubuhi hulirudisha. Kushoto. Alikwenda dirishani, kwenye kile kioo kinene kinachotazama barabara, akaweka kiganja. Upande wa pili mkewe Tumpe alikuwa amesimama kwenye manyunyu, tumbo limemtangulia, naye akaweka kiganja chake hapo hapo. Mtoto wao alitarajiwa wiki ileile.

Tulikuwa watu kumi na tisa ndani ya ghala la zamani la chai, hapa Lwifwa. Kuta bado zilinuka majani makavu. Mvua ikinyesha bati lilipiga kelele mpaka tukaongea kwa mikono. Tulikuwa na jiko moja, vyoo viwili, mablanketi ya kutosha, na mlango mmoja unaojua kusema rangi mbili. Kijani ukitoka. Nyekundu ukibaki. Na kwa amri ya Baraza la Mji, atakayekuwa mwekundu siku ya ishirini na moja, yaani Jumamosi, atapandishwa lori na kupelekwa Bondeni, kwenye kambi ambayo hakuna niliyemwona akirudi. Watoto walio chini ya miaka mitano hawaendi Bondeni. Wao hupelekwa Nyumba ya Watoto, hulelewa na watu wengine, na hubadilishiwa jina la ukoo ili wasije wakatafutwa.

Niliyasoma maneno hayo kwenye tangazo lililobandikwa juu ya jiko. Niliyasoma kila nilipokoroga uji.

*

Saa nne Daktari Mwaisumo alikuja dirishani na kugonga kwa pete yake. Ni bosi wangu kiwandani. Mtu mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi mkono mmoja.

"Ugonile, Mama Lusajo."

"Ndaga, Daktari. Tumeamka."

"Nina kitu." Akainua chupa ndogo, maji yake meupe kidogo kama ya kuoshea mchele. "Kupe."

Nilirudi hatua moja, ingawa kulikuwa na kioo kati yetu. Mfanyakazi yeyote wa kiwanda cha mtindi angerudi. Kupe ni jina letu la kazini; kitabuni ni virusi wanaokula bakteria. Hawamdhuru mtu, lakini wakiingia kwenye pipa la maziwa, asubuhi unakuta maji. Tunawaita kupe kwa sababu wana miguu. Hung'ang'ania ngozi ya bakteria kwa miguu, wakamchoma, wakazaa ndani yake mpaka akapasuka.

Mambo haya nilijifunza darasa la jioni, mimba ya Lusajo ikiwa na miezi sita, nimebanwa kwenye dawati la watoto wa darasa la tatu. Siku ya somo la kimeng'enya kinachogeuza, mwalimu aliomba kanga. Nikampa yangu. Sikujua ataikata. Alichukua mkasi, akaukata ule ukanda wenye maandishi, akaugeuza, akaubana kwa pini pale pale ulipotoka.

"Hakuna uzi uliopotea," akasema. "Hakuna ulioongezwa. Kipande ni kilekile, kimegeuzwa tu. Sasa soma."

Herufi zilisimama kwa vichwa. Darasa zima lilicheka, na mimi nilikuwa nalia kwa ajili ya kanga yangu.

Ndivyo bakteria wetu, Mlinzi, alivyotengenezwa. Katika DNA yake kuna kipande kinachogeuka. Kikitazama kulia kinasomeka *linda*: bakteria anakaa tumboni mwa mtu na kuizuia homa ya mto, ile iliyomaliza nusu ya mji kabla sijazaliwa. Kikitazama kushoto kinasomeka *zaana*: halindi chochote, anaongezeka tu. Kiwandani tunawataka wote wawili kwa zamu. Kwenye pipa wanakuwa kushoto mpaka wajae. Siku ya kufunga chupa tunamwaga sukari maalumu, kimeng'enya kinaamka, kinakata, kinageuza, kinashona. Kulia wote. Halafu kinalala. Kila mtu wa Lwifwa anakunywa kikombe kimoja asubuhi, anamaliza hadi tone la mwisho, anaosha kikombe kwa maji ya moto mbele ya mgawaji. Ndiyo sheria.

Tatizo la wa kushoto ni kwamba mbio zao ni kubwa. Wakiingia tumboni wanawafukuza wa kulia, kisha wanahamia kwa jirani, kwa sahani, kwa mkono, kwa busu la mtoto. Mji mzima unaweza kuvuliwa nguo na asijue mtu. Ndiyo maana tulifungiwa.

"Hawa wana miguu ya kushoto tu," Daktari akasema. "Wanamshika bakteria wa kushoto. Wa kulia ana ngozi nyingine, hawawezi kumshika. Mnakunywa kesho, Jumamosi mlango hauoni kushoto hata mmoja. Kijani. Lori linaondoka tupu."

Nilisogea tena kwenye kioo. Lakini darasa la jioni halikwenda bure. "Daktari, kupe wa aina hii nao wana kipande kinachogeuka. Wakikigeuza, wanapata miguu mingine."

Akatabasamu, kama baba. "Kimeng'enya chao tumekitoa. Miguu yao imekwama. Nimewajaribu kwenye bakteria wa pipa mara sita."

"Sasa unataka nini kwangu?"

"Sahihi. Sheria inataka mtu wa maabara aliye ndani awajaribu kwenye choo cha humo humo. Ni wewe peke yako. Weka sahihi, tumalize hii aibu."

Droo ya chini ya dirisha ikateleza: chupa, sahani tatu za plastiki, utepe wa gundi, fomu.

*

Sahani zinahitaji joto la nyuzi thelathini na saba, na ndani ya ghala lile tulikuwa tunaota moto mchana. Kwa hiyo nilifanya anavyofanya kuku.

Niliwachanganya kupe na bakteria tuliowatoa kwenye vyoo vyetu, nikawaacha wazaane mpaka adhuhuri. Kisha nikamwaga matone yao kwenye sahani ambazo nilikuwa nimezipaka bakteria wa kulia, kutoka kwenye kikombe cha asubuhi. Nikazifunga kwa utepe, nikazifunga tena kwa mfuko, nikaziweka kifuani. Nikamweka Lusajo juu yake. Nikatukaza sote kwa ile kanga yangu yenye mshono, maana niliishona mwenyewe baada ya lile somo, na mshono unaonekana hadi leo.

"Umebeba mapacha wanne," Mama Bupe akasema.

"Omba wasilie."

Jambo lenyewe ni rahisi. Bakteria wakiota kwenye sahani hufanya zulia jeupe. Kama kupe wana miguu ya kushoto tu, zulia la kulia litabaki zima. Wakiwa na miguu mingine, utaona matundu, kama nguo iliyoliwa na nondo.

Tulilala hivyo, mimi na mwanangu na sahani. Asubuhi ya kumi na nane nilizitoa karibu na dirisha. Ya kwanza nyeupe. Ya pili nyeupe. Nilishaanza kucheka.

Ya tatu ilikuwa na matundu matatu.

Madogo. Kichwa cha pini. Nilifuta plastiki kwa kidole, nikidhani ni matone ya jasho langu. Hayakufutika.

Daktari alipokuja niliibandika sahani kwenye kioo bila kusalimia. Aliinama, akavua miwani, akaivaa.

"Matatu kati ya kupe wangapi?"

"Maelfu."

"Hiyo si kitu."

"Daktari. Mmoja anazaa mia. Mia wanazaa mia. Mmoja tu akitoka na sisi, akafika kwenye vikombe, akafika kwenye pipa…"

"Najua hesabu," akasema polepole. "Lakini vipi? Nimewaondolea kimeng'enya."

"Wao umewaondolea. Bakteria hujawaondolea." Nilikuwa nimelifikiria tangu kulipokucha. "Vimeng'enya hivi ni ndugu wa tumbo moja. Cha bakteria kinaweza kugeuza kipande cha kupe, ni kama kuazima mkasi kwa jirani. Kwenye pipa lako mkasi umelala, ndiyo maana hukuona kitu. Humu ndani haulali."

"Kwa nini haulali?"

Niliigeuza sahani, nikaitazama upande wa chini.

"Mama Lusajo. Bakteria wa namna hiyo wametoka wapi? Tumepima mto, tumepima mapipa, tumepima bomba. Hao wamezaliana mamia ya vizazi nje ya kiwanda. Wapi?"

"Sijui, Daktari," nikasema.

Nyuma yake, barabarani, mtu alipita na mwavuli mwekundu.

"Nikiipeleka sahani hii Barazani," akasema, "kupe watachomwa na nyie mtapanda lori. Hakuna sheria ya kusubiri. Sheria inajua kushoto na kulia tu, haijui kupe." Akafuta miwani kwenye koti. "Weka sahihi. Au usiweke. Nitarudi saa kumi kuchukua fomu. Sahani mimi sijaiona."

Akageuka. Akaondoka.

*

Nilijua walikotoka. Walitoka jikoni kwangu.

Mama yangu alinipa kibuyu siku nilipoolewa, kama alivyopewa na mama yake. Kibuyu cha mtindi hakioshwi kikatakata. Unaacha kijiko kimoja chini, ndiyo mbegu, unaongeza maziwa mapya, kesho una mtindi. Mwanamke anayemwaga mbegu yote, kwetu, ni kama aliyezima moto wa nyumba. Na jirani akijifungua unampelekea mbegu kabla ya kumpelekea nguo.

Lusajo alipoanza kula, kikombe kimoja hakikumtosha. Alikuwa mwembamba, akikohoa. Baba yake yuko kwenye ujenzi wa bwawa, mbali. Mimi mfanyakazi wa maabara, mwenye cheti ukutani, nilibakiza kijiko cha Mlinzi kwenye kibuyu cha mama, nikaongeza maziwa. Nikasema ni ulinzi zaidi. Siku ya pili nikaongeza tena. Lusajo akanawiri, majirani wakaniuliza siri. Nikawagawia mbegu.

Hesabu ningeweza kuipiga nikiwa usingizini, ila sikutaka kuipiga. Kimeng'enya hakilali vizuri kwenye kibuyu. Kila siku wachache wanageuka kushoto, na wa kushoto wana mbio. Kijiko kinachobaki leo kina wa kushoto wengi kuliko cha jana. Baada ya wiki tatu nilikuwa nagawa kushoto tupu, kwa mkono wangu, na wenzangu wananiambia ndaga fijo, asante sana, Mungu akubariki.

Kalamu ilikuwa mkononi. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja: *Kupe hawageuki.* Nikiweka tiki hapo, Jumamosi namvalisha Lusajo soksi zake za njano tunakwenda nyumbani. Nisipoweka, wanamchukua na kumpa jina lingine. Nikimfikiria anaitwa jina lingine, anageuka, anaitika… Nilisogeza kalamu mpaka ikagusa karatasi. Ikaacha nukta.

Kisha Tumpe akaja dirishani, akamwonyesha mumewe kikombe chake cha asubuhi kitupu, kama mtoto anayeonyesha kwamba amemaliza. Nimelindwa, usiwe na wasiwasi. Mtoto wako humu tumboni naye amelindwa.

Nikaondoa kalamu.

*

Niliwaambia wakati wa uji, wote wakiwa wameshika vikombe, maana mtu aliyeshika kikombe cha moto hawezi kurusha ngumi haraka. Nilianza na kibuyu. Nikaja kwa kupe. Nikamaliza na lori. Sikujitetea. Lusajo alikuwa sakafuni anagonga kifuniko cha sufuria.

Mama Bupe ndiye aliyeanza. "Kumbe ni ule mtindi mtamu."

"Ndiyo, mama."

"Nikakusifia kanisani."

"Ndiyo."

"Wajinga tumejaa dunia hii," akasema, akanywa uji wake. "Na mimi nimempa dada yangu, naye yule pale anakohoa. Tusikutupie mawe yote wewe, mengine tubakize."

Anyosisye aliweka kikombe chini taratibu. "Unasema tusinywe hao kupe."

"Sijasema hivyo, kaka. Nasema tukinywa tukatoka, watatoka na sisi."

"Mke wangu anajifungua wiki hii!" Aliruka juu. "Wiki hii, unasikia? Wewe mtoto wako unaye hapa, unamwona, unamnusa! Mimi wangu nimweleze nini? Baba yako alikwenda Bondeni kwa sababu ya matundu matatu?"

Mimi hata sikuweza kumtazama.

Mama Bupe alikuwa ananyonya meno, akitazama dari. Amefuga tangu akiwa binti. Ng'ombe wake wanamjua kwa mwendo. "Hebu, Mama Lusajo. Hao kupe wako, wakikosa wa kula?"

"Wakishamaliza wa kushoto, na wa kulia wasiwepo?"

"Kupe bila ng'ombe."

"Wanakufa. Ila si mara moja."

"Siku ngapi?"

Nilifunga macho, nikahesabu. "Tumboni, kwa choo cha kila siku… thelathini, ili niwe na uhakika. Nitaweka sahani kila asubuhi mpaka zikae nyeupe siku saba mfululizo."

"Kwetu malisho yakiingiwa na kupe hatuyachomi," Mama Bupe akawaambia wengine. "Unayafunga. Ng'ombe hawakanyagi. Kupe anakaa kwenye jani, mguu ameuinua, anasubiri. Anasubiri mpaka anakauka. Sasa malisho si ndio sisi? Tunywe. Mlango utasema kijani, lori halina sheria juu yetu. Halafu tusitoke."

"Tusitoke," mtu akarudia, kama anaonja chumvi.

"Siku thelathini bila kikombe cha asubuhi, bila Mlinzi yeyote tumboni," nikasema, kwa sababu ukweli ukishaanza huwezi kuugawa nusu. "Si kushoto, si kulia. Homa ikiingia humu, hatuna kitu. Maji yachemshwe, hata ya kusuuzia. Na vibuyu. Kila kibuyu kilichoonja mbegu yangu kichomwe, kuanzia changu. Na mlango utakuwa wazi. Hakuna wa kutuzuia. Mmoja akitoka, ni bure."

Tukatazamana usoni, mmoja mmoja. Kumi na saba tuliinua mkono. Wangu ulikuwa wa kwanza; wa Lusajo, wa kumi na nane, niliuinua mimi. Anyosisye hakuinua. Alichukua begi lake akaenda kukaa nalo mlangoni.

Kwenye fomu sikuweka tiki. Niliandika pembeni, kwa herufi kubwa: *Kupe hugeuza miguu. Mbegu ilitoka kwenye kibuyu changu. Tutakunywa, na hatutatoka mpaka wafe.* Nikaweka jina langu kamili, Atuganile, na jina la baba. Wengine wakaweka vidole gumba kwa masizi ya sufuria. Daktari aliisoma mara mbili akiwa amesimama mvuani. Hakunitukana. Aliikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, na kutoka siku hiyo droo ilileta sahani nne kila asubuhi bila kuombwa. Jioni ile tuliwanywa kupe sote, hata Anyosisye, kijiko kimoja kimoja.

*

Jumamosi lori lilikuja mapema. Lilikuwa refu kuliko nilivyofikiri, lina viti vya mbao na kamba.

Tulipanga foleni. Mama Bupe: "Kushoto haipo. Kijani." Anyosisye: kijani. Mmoja baada ya mwingine, mpaka nikabaki mimi na kadi ya Lusajo. Nilihesabu pumzi. Ishirini na mbili. Ishirini na tatu. Niliona dereva wa lori anashuka, anavaa glavu.

"Lusajo, miezi kumi na moja. Kushoto haipo. Kijani."

Na mlango ukafunguka wenyewe, wote, ukapumua kama ng'ombe anayelala.

Sijui niielezeje harufu ile. Majani mabichi, tope, moshi wa jikoni kwa watu. Siku ishirini na moja nilinusa chai iliyokufa. Miguu yangu ilisogea bila kuniuliza. Wote tulisogea. Mama Bupe alishika ukuta.

Tumpe alikuwa nje, hatua kumi, amevaa kitenge kipya. Anyosisye akatupa begi begani, akatembea. Hakuna aliyemwita, tulikuwa tumekubaliana kwamba hakuna wa kumkamata mwenzake. Alifika kwenye kizingiti. Kiatu chake cha kulia kilikuwa tayari juu ya chuma.

"Njoo basi," Tumpe akasema, akicheka na kulia. Akaanza kumfuata.

"Simama hapo."

"Nini?"

"Simama, mke wangu. Usinisogelee." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayebeba gunia. "Kibuyu chenye mbegu aliyonipa Mama Lusajo… kile ambacho hukukionja tangu ubebe mimba. Bado umekining'iniza jikoni?"

"Daktari alikuja Alhamisi. Nilikichoma. Nililia, lakini nilikichoma."

"Umefanya vizuri." Aliondoa mguu kwenye kizingiti. "Nimekula kitu humu ndani. Kikikugusa, kitamvua mtoto ulinzi. Siku thelathini. Ukijifungua mlete dirishani, nitamwona. Utamwambia baba yake amekuwa malisho."

"Amekuwa nini?"

"Mama Bupe atakueleza. Anapenda kueleza."

Akashika mpini wa mlango. Ulikuwa haujatengenezwa kufungwa kwa mkono. Aliuegemea kwa bega, mishipa ikamtoka shingoni, na mimi nikaenda kusukuma, na Mama Bupe, na wengine, mpaka chuma kikakutana na chuma. Nje lori liliwaka, likageuza, likaondoka tupu. Kwenye kioo Tumpe alibaki amesimama. Halafu akaenda kwa jirani, akarudi na kigoda, akakikalia mbele ya dirisha kama mtu aliyefika kwake.

Anyosisye aliteleza mgongo mlangoni mpaka sakafuni. Akalifungua begi, akatoa shati la pili, akalivaa.

Taa ilikuwa kijani bado. Baada ya kitambo sauti ile ikaanza tena, na itasema hivyo kila robo saa mpaka tuizoee: "Mnaweza kutoka. Asante kwa uvumilivu wenu."

"Te-te," Lusajo akasema.

Tuligeuka sote. Alikuwa amekaa katikati ya sakafu, kifuniko cha sufuria mapajani, anautazama mlango.

"Amesemaje?" Anyosisye akauliza.

"Te-te," akarudia, meno yote manne nje.

"Eee!" Mama Bupe akapiga makofi. "Asante! Ameitikia! Siku ishirini na moja, hatimaye amepata adabu." Akaniinamia, akanivua kanga begani, akaikunjua, akapanga juu yake sahani nne za siku ya kwanza. "Haya, mama, acha kulia. Aatamie nani?"

Nikazifunga kifuani, nikamnyanyua mwanangu juu yake.